Mshipi Mwekundu wa Memsab Kengele

Jumatatu, 1 Februari 1937

Habari kubwa! Mzee Shitanda anaacha kazi. Amekuwa hedboi, mkubwa wa maboi wote wa hoteli hii, tangu Eldoret ilipokuwa matope matupu na magari ya ng'ombe. Sasa amechoka. Anarudi Kakamega kulima mahindi na kuwafokea wajukuu badala ya kutufokea sisi. Mshipi wake mwekundu utabaki hapa. Nani atauvaa? Mimi, Nicanor Wepukhulu. Nani mwingine? Nimesoma misheni. Najua kubeba sahani nne za supu bila kutia kidole ndani, mara nyingi.

Memsab Kengele alituita uani baada ya chai. Jina lake halisi ni refu na linaumiza ulimi. Tunamwita Kengele kwa sababu ya ile kengele ya shaba anayotembea nayo mkononi. Aliipiga ingawa tulikuwa tumesimama mbele yake. Akasema hoteli ina shida moja tu. Wageni wa mlimani wanashuka kwenye treni, wanaoga, wanalala usiku mmoja, asubuhi wanapanda lori na kwenda zao Mlima Elgon. Vitanda vinabaki vitupu. Basi, atakayeweza kuwafanya wakae zaidi, huyo atapewa mshipi.

Nikamtazama Kiprono. Kiprono ni boi wa vyumba, Mnandi mrefu, mpole kupita kiasi. Siwaamini watu wapole. Huwezi kujua wanapanga nini.

Jumanne, 2 Februari

Nilipita stesheni kumsalimu Mzee Walubengo. Ni mzee wa kanisa, ni mnyapara wa wapakia mizigo, na muhimu zaidi, ni baba yake Nekoye. Nekoye hupiga pasi vitambaa vya meza hapa hotelini. Nikimwona na ile pasi yake ya makaa nasahau ni meza gani iliyoomba chumvi.

Nilimwambia Mzee kwa heshima kwamba ningependa wazee wangu waje kutoka Kimilili kuzungumza naye. Akanitazama kuanzia tarbushi hadi kwenye nyayo zangu tupu. Akasema kanzu nyeupe kila mtu anayo. Katekista anayo. Hata maiti huvikwa nyeupe. Hatamtoa binti yake kwa mtu wa kanzu tupu. Nikija nimefunga mshipi, wazee waje, kuku watachinjwa.

Maiti! Nilimshukuru hata hivyo.

Aliponisindikiza alinieleza habari za karani mmoja wa stesheni ambaye hajaoa na ana baiskeli. Sikuwa nimeuliza. Tulipofika njiani akanieleza tena.

Ijumaa, 5 Februari

Siku mbaya. Acha niandike yote.

Jana walifika mabwana wawili kutoka Nairobi. Nikaanza mpango wangu wa kwanza. Nilipokuwa nawapakulia supu nikaugua kwa sauti. Wakauliza nina nini. Nikasema nawahurumia. Nikasema Masaba, ndivyo sisi tunavyouita Elgon, umevaa kofia ya mawingu, na mvua kubwa itafika keshokutwa. Afadhali wapumzike hapa hadi ipite. Niliwaambia mimi nimezaliwa chini ya mlima huo. Ni kweli. Sikuwaambia kwamba sijawahi kuupanda hata kidogo. Hawakuuliza.

Walinisikiliza kwa makini! Mmoja aliandika maneno yangu kwenye daftari. Nilirudi jikoni nikimwimbia mpishi.

Nilipotoka na pudini ya kumalizia chakula, meza tupu. Walikuwa wamesema kama mvua inakuja keshokutwa, basi lazima wafike kileleni kabla yake. Wakatafuta lori hapo hapo. Wameondoka bila kulala hata huo usiku mmoja.

Memsab alitaka kujua nani amezungumza habari za mvua mwezi wa Februari, ilhali Eldoret nzima haijaona wingu tangu Krismasi. Kila mtu akanyamaza. Kiprono alinyamaza kwa namna ya kunitaja.

Pudini nilikula mimi. Ilikuwa ya machungwa.

Jumapili, 7 Februari

Kanisani. Nilimwomba Mungu mshipi. Mahubiri yalihusu tamaa, nikajua anasemwa Kiprono, ingawa yeye husali kwingine. Mzee Walubengo alikaa mbele. Karani wa baiskeli alikaa kando yake akiimba besi. Sikujua mtu anaweza kuimba besi kwa majivuno.

Jumatano, 10 Februari

Mpango wa pili. Huu ulikuwa wa akili kabisa. Bado nasema ulikuwa wa akili.

Walifika mume na mke, Wazungu wazee, wanaopanda milima kuchuma majani na kuyakausha ndani ya vitabu. Niliwaeleza kwamba hewa ya kule juu ni nyembamba. Anayekimbilia huko bila kuizoea huona nyota mchana, masikio humlia, magoti hulegea. Dawa ni kukaa kwanza Eldoret wiki nzima na kula vizuri. Niliwapendekezea kondoo wa kuchoma.

Bibi mzee akauliza kama Eldoret nayo iko juu. Nikajibu kwa fahari kwamba iko juu sana! Juu kupita Nairobi! Juu kupita miji mingi ya Ulaya!

Asubuhi bibi akasema masikio yanamlia. Ilikuwa kengele ya Memsab. Nilijaribu kumweleza lakini alikuwa tayari ameshika magoti. Mume wake naye akaanza kuona nyota. Wamepanda treni kwenda Kisumu, kwenye hewa nene.

Kiprono ndiye aliyewabebea mizigo hadi stesheni. Wamemwachia mwavuli. Mwavuli mzima! Memsab alinitazama kwa muda mrefu bila kupiga kengele. Afadhali angepiga.

Ijumaa, 12 Februari

Leo tulisugua sakafu ya ukumbi wa chakula kwa nta, sote, kwa magoti. Sasa unaweza kuona meno yako humo. Memsab alikuja akaiangalia, kisha akakaribia kulia. Kesho wanafika wageni watatu wa mlimani. Viatu vyao, akasema. Vile viatu vyao vya misumari! Kila mwaka ni vivyo hivyo, sakafu inakwaruzwa kana kwamba kuku wamepekua humo.

Nimefikiria habari hiyo tangu mchana. Misumari chini ya kiatu! Huo ni ufundi gani? Kila fundi ajuaye kazi huingiza misumari ndani isionekane. Hawa wametengenezewa viatu na mtu mvivu aliyeacha misumari nje, na kwa sababu ya upole wao hawakumrudishia. Wahindi wa hapa dukani wangeona haya kuuza kitu hicho.

Nimepata akili. Mungu amesikia.

Jumapili, 14 Februari

Ushindi!

Walifika jana. Mkubwa wao ana ndevu hadi kifuani, kwa hiyo ni Bwana Ndevu. Wakati wa chai walivaa viatu laini, na vile vya mlimani wakaviweka nje ya milango visafishwe, ndiyo desturi ya hoteli. Kila kiatu tunakiandika namba ya chumba kwa chaki kisichanganyike. Viatu ni kazi ya Kiprono. Nikajitolea kumsaidia. Alishangaa sana, akanishukuru, akaniuliza kama naumwa.

Nilivipeleka nyuma ya pipa la maji moto nikachukua koleo. Kazi ngumu! Misumari mingine ilikuwa imeota mizizi. Lakini niliing'oa yote. Imejaa kopo zima la siagi. Mashimo nikayaziba kwa nta ya sakafu. Halafu nikasugua hadi ngozi ikang'aa juu na chini. Viatu vya bwana harusi!

Asubuhi walipita ukumbini kwenda kunywa chai, wote watatu na viatu vyao. Hakuna hata mkwaruzo. Memsab aliinama akaangalia. Akainuka. Akatabasamu. Akanitabasamia mimi! Bwana Ndevu alisema leo miguu yake inajiona myepesi. Nikainamisha kichwa. Hakuna mtu anayetazama chini ya kiatu chake mwenyewe.

Kweli wamelala usiku mmoja tu. Lakini sakafu!

Jumatano, 17 Februari

Lori limerudi. Bwana Ndevu alikuwa amelala juu ya magunia, mguu umefungwa kwa vijiti na taulo. Niliitambua taulo hiyo. Ni yetu.

Wenzake wanasema aliteleza kwenye majani. Akainuka, akateleza kwenye jiwe. Nao pia waliteleza. Mmoja anasema waliteleza hata mahali pakavu, hata wakiwa wamesimama wakipiga picha. Waliposhuka walishuka kwa makalio. Hawaelewi kabisa. Wanasema mlima huu umebadilika.

Daktari amekuja. Mguu umevunjika, lakini vizuri, mfupa mmoja tu. Bwana Ndevu asisogezwe. Akae hapa wiki tatu.

Wiki tatu! Kitanda chetu! Kondoo wetu! Wenzake wanabaki naye! Memsab alipanda ngazi akipiga kengele polepole, kwa furaha ya kimya. Nami nikasimama kwenye veranda nikingoja kuitwa. Aliomba wageni wazidishe usiku mmoja. Nani amemletea wiki tatu?

Ijumaa, 19 Februari

Dhuluma.

Kiprono anampelekea Bwana Ndevu chai. Kiprono anampangia mito. Kiprono anacheza naye karata, na anashindwa kwa makusudi, nimemwona. Leo Bwana Ndevu alimwambia Memsab kwamba bila kijana huyu angeomba apelekwe Nairobi, mguu utake usitake. Memsab akajibu kwamba, naam, inaonekana mshipi umepata kiuno.

Kiuno cha Kiprono! Kwa kazi gani? Kupiga mito makofi?

Nilienda kwenye chumba cha pasi nikamweleza Nekoye siri yangu yote. Alicheka hadi akaunguza kitambaa cha meza. Alicheka hadi akakaa sakafuni. Kisha ghafla akaacha. Akaniambia, Nicanor, nyamaza. Usimwambie mtu. Hilo kopo litupe mtoni Sosiani. Akasema yeye hakuwahi kuulizia mshipi hata siku moja, na maneno ya kumwambia baba yake anayo tayari, mimi nikae kimya tu.

Ana moyo mzuri. Lakini wanawake hawaelewi mambo ya kazi.

Jumamosi, 20 Februari

Sikukaa kimya.

Nilingoja Memsab na Kiprono wawe pamoja chumbani kwa Bwana Ndevu. Nikavaa kanzu safi. Nikachukua trei ya fedha, ile ya wageni wakubwa, nikatandika kitambaa, nikaweka kopo katikati. Nikabisha hodi. Nikaingia. Nikafunua.

Nilisema hivi. Kwamba sipendi kujisifu. Lakini haki ni haki, na aliyemfanya Bwana arudi akae nasi wiki tatu si mpiga mito. Ni mimi. Misumari hii hapa, yote, sikupoteza hata mmoja. Na sakafu Memsab ameiona mwenyewe.

Bwana Ndevu akachukua msumari mmoja. Akautazama. Akautazama mguu wake. Akautazama msumari tena. Uso ukaanza kuwa mwekundu kuanzia kwenye ndevu kwenda juu. Kiprono alifumba macho. Memsab aliangusha kengele. Sijawahi kuisikia ikianguka. Inalia vibaya sana.

Kisha Bwana Ndevu akanirushia bakuli la uji. Ana shabaha nzuri kwa mtu mgonjwa.

Ningefukuzwa hapo hapo. Kiprono ndiye aliyeniombea. Aliwaambia mimi si mtu mbaya, ila nina bidii. Ni hila tu. Hata hivyo nimevuliwa kanzu na tarbushi. Nimepewa kaptura ya khaki na shoka. Kuanzia leo kazi yangu ni kuni na maji ya kuoga.

Jumatatu, 22 Februari

Kiprono amefungwa mshipi leo mbele ya wote. Mzee Shitanda alimfunga mwenyewe, akalia kidogo, akaondoka na sanduku lake. Mshipi haumkai Kiprono. Ni mrefu mno kwa kiuno chake. Mimi ungenikaa sawasawa. Sikula chakula cha mchana.

Halafu akaja Mzee Walubengo. Alikuwa amesikia. Stesheni husikia kila kitu. Nilijificha nyuma ya pipa, lakini moshi ukanitoa nikikohoa, nimejaa majivu, nimeshika gogo. Niliona haya sana. Nimewahi kudharauliwa na watu wengi lakini siku hizo nilikuwa na kanzu.

Mzee akanizunguka taratibu. Akasema alitaka mshipi uongezwe juu ya kanzu, si kanzu iondolewe.

Nilifikiri yamekwisha. Kichwani nilimwona karani na baiskeli yake, na Nekoye amekaa nyuma. Hapo Nekoye mwenyewe akatoka chumba cha pasi, pasi ingali mkononi. Akamwambia baba yake mbele ya mpishi, mbele ya Kiprono, mbele ya muuza maziwa, kwamba yeye ameshaupiga pasi ule mshipi miaka mitatu na haujamchekesha hata siku moja. Huyu hapa anamchekesha kila siku bila kujua. Kama ni kuolewa, ataolewa na huyu, awe na kanzu au awe na majivu.

Sikuwa najua namchekesha. Lakini nilifurahi hadi nikaliangusha gogo mguuni mwangu.

Mzee alikohoa. Akaangalia juu. Akamwangalia binti yake, akaiangalia na pasi. Mwishowe akaniambia wazee wangu waje baada ya Pasaka. Ila kuna sharti. Hadi siku hiyo nikae nimetulia. Nipasue kuni, nichemshe maji, basi. Nisipange kitu chochote. Chochote! Akilisikia tena jina langu stesheni kabla ya Pasaka, atamwita karani.

Pasaka ni mwezi ujao tu. Kutulia! Kuna jambo rahisi kuliko kutulia?

Jumatano, 24 Februari

Nimetulia siku mbili nzima. Nekoye amenisifu.

Jana walifika wageni wapya wa mlimani, wengi, na mahema, na vyungu, na viti vya kukunja, na sanduku la vitabu. Nao wanataka kuoga wote kwa wakati mmoja. Kuni zangu zilikuwa mbichi. Maji hayakupata moto. Walianza kupiga kelele kutoka kila dirisha, na Memsab akaja na kengele.

Sikupanga kitu. Naapa. Nilikuwa nimekaa tu, nimetulia, nikitazama mizigo yao iliyorundikwa uani kungoja lori. Nikamsikia mkubwa wao akilalamika kwamba mzigo umezidi, lori halitapanda. Nikamhurumia. Kuhurumia si kupanga.

Nikaona fungu moja refu, limefungwa vizuri kwa kamba. Nikalifungua. Ni miti ya mahema! Mikavu, minyoofu, imepakwa mafuta, mizito ajabu. Sasa nauliza, Masaba umejaa miti kutoka chini hadi mianzini. Nimeiona tangu utotoni. Kubeba miti kuipeleka mlimani ni sawa na kubeba maji kuyapeleka ziwani Kisumu. Mtu mwenye akili akifika huko atakata anayotaka.

Iliwaka vizuri mno. Maji yalichemka pipa likaruka. Kila mgeni alioga, na mmoja aliimba. Memsab alishuka mwenyewe hadi kwenye moto, akasema hajaona maji kama haya tangu hoteli ifunguliwe. Akatabasamu! Namjua anapotabasamu.

Leo alfajiri nilipakia mizigo mimi mwenyewe, wasisumbuke kuhesabu. Lori liliondoka jepesi, na wote wakanipungia mkono. Kurudi watarudi mapema, naona, kwa kuwa hawana mzigo wa kuwachelewesha. Watapita stesheni. Nimeshawaomba wakifika hapo wamtafute Mzee Walubengo, wamwambie kwa jina ni nani aliyewapunguzia mzigo.